Shukisha Hapo Kangemi

"Dere, nimeshuka Kangemi. Niko steji, nimevaa jaketi ya kijani. Uko wapi?"

Ujumbe huu ulinipata nimeketi juu ya kreti nyuma ya kibanda cha mama sokoni, nikichambua mrenda. Ilikuwa Januari 2022, saa tisa alasiri. Waiyaki Way ilikuwa bado inachimbwa na vumbi lilikuwa limekaa juu ya nyanya za watu kama unga. Niliinua kichwa nikamwona. Kijana mrefu, mwembamba, begi la shule mgongoni na mfuko wa gunia mkononi. Kila matatu iliposimama aliinama kidogo kumtazama dereva, akatabasamu, kisha tabasamu likazima.

Alikuwa akimtafuta mwanamume wa miaka arobaini hivi, dereva wa laini ya 23, anayeendesha Isuzu ya viti 33 inayoitwa Mulembe. Mwanamume huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka 22, sikuwa na leseni, na chombo pekee chenye magurudumu nilichowahi kukisukuma mwenyewe ni mkokoteni wa mboga.

Simu ikaita. Nikaikata.

*

Mulembe ilikuwepo kweli. Hilo nataka lieleweke mapema.

Baba alianza kuendesha laini ya 23 kabla sijazaliwa. Mwaka wa 2004 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alipoleta sheria zake, yaani mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, yunifomu na ule mstari wa manjano ubavuni, mimi nilikuwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni baba kurudi nyumbani na rangi nyeupe chini ya kucha. Alikuwa ameshinda akifuta jina la gari lake. Mama anasema usiku ule hakula.

Miaka ilipita. Wakati wa Uhuru Kenyatta michoro ikaruhusiwa tena, na mwenye gari ambaye baba alikuwa anamfanyia kazi akamwambia achague jina la Isuzu mpya. Akachagua Mulembe. Ni salamu ya Waluhya, maana yake amani, na hapa Kangemi haihitaji tafsiri. Mabasi ya kutoka magharibi hupita hapa kabla hayajafika tao, na wazee wetu wengi walishuka hapa wakisema ni kwa muda tu, wakaoa, wakazaa, wakabaki. Mwili wa gari ulipakwa buluu na nyeupe, rangi za AFC Leopards, na ubavuni akachorwa chui mwenye macho ya manjano. Rangi ilikauka wiki ile ile Papa Francis alipokuja hapa kwetu, Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 27 Novemba 2015. Baba alisema Papa amekuja kubariki gari. Mama alimwambia aache kukufuru.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyemwita baba kwa jina lake tena. Mama mboga, kanjo, karao, watoto wa shule, wote walimwita Mulembe. "Mulembe amepita?" "Mulembe yuko tao." Ukipanda matatu Nairobi utaona hivyo: dere hana sura. Yuko nyuma ya kioo, unaona kisogo chake na kofia. Kile watu wanachokijua na kukipungia mkono ni gari. Alikuwa amevaa mwili wa tani kadhaa wenye chui ubavuni, na mwili huo ulipendwa.

Nilipokuwa na miaka 16 nilimwomba anifundishe kuendesha. Alicheka, si kwa ubaya. "Barabara si ya msichana," akasema. Kisha akamfundisha mdogo wangu wa kiume, ambaye hadi leo hajui gia ya pili iko wapi na wala hajali. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikisikiliza. Punguza kabla ya kona, usiguse breki ndani ya kona. Lori likikuwashia indiketa, usiamini hadi uone mbele. Mteremko ni wa gia, si wa breki. Niliyameza yote.

Mwaka wa 2019 baba alipata kiharusi. Hakupatia barabarani; alikipatia kitandani, alfajiri, akitafuta kiatu. Upande wa kushoto ulikufa. Mwenye gari alisubiri miezi miwili, kisha akaiuza Mulembe. Tulisikia imepakwa rangi nyingine. Baba hakuuliza imepelekwa wapi, na nasi hatukutafuta.

*

Corona ilipoingia, tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi ilifungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka, hadi Julai. Matatu zilibeba abiria nusu na kitu. Saa moja jioni kafyu. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye cyber moja hapa Kangemi, na wateja walipotea. Nikawa nakaa nyumbani, chumba na sebule, watu wanne, simu moja ya Tecno yenye ufa kwenye skrini.

Ndipo nikapata gemu inayoitwa Bus Simulator Indonesia. Wengi huiita BUSSID. Ilitengenezwa Indonesia na kampuni ya Maleo na ikatoka mwaka wa 2017. Unaendesha basi kutoka mji mmoja hadi mwingine, na barabara zenyewe ni za Indonesia. Lakini Waindonesia huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani kulia kama sisi, na pikipiki zao hukuingilia kama boda zetu. Zaidi ya hayo, gemu inakuruhusu kuingiza gari lako mwenyewe na kulipaka rangi unayotaka. Vijana wa Kenya walipogundua hilo, walitengeneza matatu. Isuzu zetu zikaanza kukimbia kwenye barabara za Java zikiwa na majina ya Rongai na Umoja, na chini ya minazi ya watu wengine.

Huko Indonesia honi ya basi ni muziki. Mwishoni mwa 2016 dunia nzima iliwasikia watoto wa Java wakisimama kando ya barabara na vibao, wakiwaomba madereva: "Om telolet om!" Mjomba, piga ile honi, mjomba! Nilipoona video zile sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, pale juu ya daraja la Kangemi, nikisubiri honi ya baba.

Kwa hiyo nilijua nitachora nini. Rangi ya gari kwenye gemu ni picha moja tu iliyolazwa bapa, kama ngozi ya mbuzi iliyotandazwa juani: mlango pale, kioo huku, paa katikati. Nilikaa wiki tatu, kwa kidole kimoja, nikichora buluu, nyeupe, chui. Macho ya chui yalinishinda siku nne. Nilipomaliza nilijifunika shuka, nikavaa spika za masikioni, nikawasha injini. Mulembe ilitoka kwenye kituo usiku wa manane, kafyu ikiwa imeshika Nairobi nzima, na hakuna askari aliyeisimamisha.

*

Neno avata limetoka Kisanskriti, na maana yake ni kushuka: mungu anashuka duniani na kuvaa mwili. Moja ya sehemu za kwanza neno hilo lilipopata maana ya leo ni Habitat, dunia ya mtandaoni iliyotengenezwa na Lucasfilm Games mwaka wa 1986, ambapo Wamarekani walikaa kila mtu kwake, wakaunganisha kompyuta na laini ya simu, wakakutana wakiwa vikatuni. Mwaka wa 2003 ikaja Second Life, na huko mtu aliweza kuwa chochote: mrefu, mbweha, mwanamke mwenye mbawa.

Sisi tuna maneno yetu kwa mambo haya. Pwani husema pepo hupanda, na yule aliyepandwa huitwa kiti. Na Nairobi kushuka ni jambo la kila siku: unagonga bodi mara mbili, unasema, "Shukisha hapo!"

Nilikuwa nimejaribu avata za kawaida kabla ya hapo. Kuna gemu moja iliyoniambia nijitengeneze mwenyewe. Nikachagua ngozi, nikafika kwenye nywele. Zilikuwepo ndefu zilizonyooka za aina ishirini hivi, na mpira mmoja wa afro uliokaa kichwani kama kofia ya baridi. Matuta hayakuwepo. Nikajaribu kiuno, nikajaribu nguo, na dakika ishirini baadaye nilikuwa natazama msichana ambaye si mimi na ambaye wanaume watatu tayari walikuwa wamemwandikia. Nikaifuta.

BUSSID haikuniuliza chochote kuhusu mwili wangu. Hakuna nywele, hakuna kifua. Kuna gari. Na jinsi gari linavyokata kona.

Gemu ina sehemu ya msafara, ambapo watu huendesha pamoja. Nilijiunga na grupu moja ya WhatsApp ya Wakenya, watu arobaini hivi, wengine Mombasa, wengine Eldoret, mmoja mlinzi huko Qatar aliyekuwa akiendesha saa za mapumziko. Jina langu lilikuwa Mulembe. Picha yangu ilikuwa chui. Baada ya misafara michache wakaanza kuniweka mbele, kwa sababu sikugonga watu. Niliandika mambo ya baba: punguza kabla ya kona, mteremko ni wa gia. Kijana mmoja akauliza, "Buda, wewe ni dere wa ukweli ama wa simu?"

Nikaandika: "Line 23 tangu kitambo."

Maneno manne. Nilipoyaandika yalionekana kama ya kweli. Yalikuwa ya kweli kwa mtu aliyelala upande wa pili wa pazia, akikoroma. Simu ilijaa salamu. Mzae. Dere. Mkubwa. Kuanzia usiku ule nilipewa kitu ambacho sikuwahi kupewa cyber wala sokoni wala kanisani: nikisema, watu walinyamaza kusikiliza. Sikujua jinsi inavyopumzisha mabega.

Kuna jambo lingine nalazimika kusema. Siku moja msichana alijiunga na grupu. Akatuma ujumbe wa sauti, sauti nyepesi, akauliza jinsi ya kuingiza honi mpya. Siku mbili nzima hawakumjibu kuhusu honi. Walimtumia mengine, ambayo siyaandiki. Akaondoka. Mimi nilikuwa kiongozi wa msafara. Neno langu moja lingewanyamazisha, na nilikuwa na neno hilo tayari chini ya kidole. Sikulituma. Niliogopa kwamba mtu akimtetea msichana ataulizwa kwa nini, na swali hilo lingefika kwangu. Mwili niliouvaa ili nisitukanwe nikautumia kutazama mwingine akitukanwa.

*

Kijana wa jaketi ya kijani nitamwita Kitale, kwa sababu ndiko alikotoka. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Alikuwa mpole kwenye msafara, daima gari la pili, nyuma yangu, taa zimewashwa. Usiku, wengine wakishalala, alikuwa ananiandikia faraghani. Aliniuliza maisha ya barabara yakoje. Dere analipwa vipi. Makanga anaanzaje. Leseni ni pesa ngapi. Nilimjibu vizuri, kwa sababu mambo ya leseni na cheti cha polisi ndiyo kazi yangu kule cyber. Kutwa nzima huwajazia watu fomu za eCitizen, nikiwasaidia kuwa watu mbele ya serikali. Mambo ya barabara nilimuuliza baba kijanja wakati wa chai, na baba, ambaye siku nyingine hakusema kitu hadi jioni, alizungumza.

Desemba Kitale akaandika: "Dere, nikikuja Nairobi unaweza niingiza kwa squad yako?"

Ningesema hapana. Ningesema gari liko gereji, mwenye gari ni mkali, laini imejaa. Uongo wa kujitoa ni mwepesi. Niliandika: "Tutaona. Kuja tu siku moja." Ndivyo mkubwa husema. Mkubwa hasemi hapana.

Sikufikiri angekuja. Ninapotafakari naona kwamba kwangu Kitale naye alikuwa gari tu, Isuzu nyekundu inayofuata taa zangu. Sikufikiri kwamba ana miguu, kwamba ana nauli ya kutafuta, kwamba kuna mahali atashukia.

*

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikaa nyuma ya kibanda nikiomba mgeni achoke aende zake.

Hakwenda. Saa kumi ikafika. Makanga wawili walimuuliza kitu, akawaonyesha simu yake, wakacheka wakatikisa vichwa. Bila shaka alikuwa amewauliza Mulembe iko wapi, na hakuna Mulembe laini ya 23 tangu 2019. Aliketi kwenye ukingo wa barabara. Ule mfuko wa gunia ukasogea wenyewe. Mama, ambaye macho yake hayapitwi na kitu steji ile, akasema, "Yule mtoto ana kuku ndani ya mfuko. Anampelekea nani?"

Hapo nikasimama. Kwetu mtu hambebei kuku mtu asiyemheshimu.

Nilivuka. Nilisimama mbele yake, mikono bado na utelezi wa mrenda, na sikupata neno lingine isipokuwa lile. "Mulembe," nikasema.

"Mulembe," akajibu, kama mtu anayeitikia salamu tu, kisha akatazama nyuma yangu, akitafuta gari.

"Hakuna gari," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndiye nilikuwa naandika."

Alinitazama muda mrefu. Nikamwambia vitu ambavyo sisi wawili tu tulivijua: usiku ambao alianguka mtoni na basi zima karibu na Surabaya, na jinsi tulivyomsubiri wote, taa zimewashwa. Niliona uso wake ukiniamini kidogo kidogo, na kuniamini kwenyewe kukawa kunamuumiza.

Nilianza kueleza. Kwamba wasichana hawaheshimiwi kwenye grupu, kwamba yeye mwenyewe aliona, kwamba nililazimika. Nilikuwa nimeandaa maneno hayo kwa muda mrefu, kwa ajili ya siku nitakapokamatwa. Akanikatiza.

"Ungeniambia wewe ni msichana ningesema sawa," akasema. Sauti yake haikupanda. "Dere ni dere. Lakini uliniambia kuna kazi."

Nilidhani siri yangu ni jinsia. Mwaka na zaidi nililinda mlango huo mmoja, na kwake yeye ulikuwa mlango usio na maana. Nilichomdanganya Kitale ni kwamba niko na kitu. Kwamba kuna mahali, kuna gari, kuna mtu mmoja katika nchi hii anayeweza kusema "njoo" na ukaja ukapata. Ameuza kuku wengine watatu kupata nauli ya shilingi 1,200. Huyu wa mfuko ndiye aliyebaki.

*

Nilimpeleka nyumbani. Sikuwa na pengine pa kumpeleka.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Kitale aliinama akampa mkono wa kulia, akasema, "Habari ya jioni, mzee." Baba akauliza kwao ni wapi, baba yake ni nani, amekuja kwa nani. Swali la mwisho lilikaa hewani. Kitale hakunisaliti. Alinitazama tu, akaniachia.

Nikatoa simu. Ningeweza kueleza kwa maneno, lakini nilijua sitafika mwisho. Nikawasha gemu, nikaiweka mbele ya baba, na Mulembe ikaja kwenye skrini, ile buluu, ile nyeupe, yule chui, juu yake ufa wa kioo.

Baba aliishika kwa mkono wake mzima. Hakusema kitu. Akaizungusha kwa kidole gumba kama nilivyomwonyesha: mbele, ubavu, nyuma. Kisha akasema, "Hapa palikuwa na mkwaruzo."

"Wapi?"

"Nyuma ya mlango. Museum Hill, 2016, nikikwepa boda. Umeichora kama haijawahi kufanya kazi."

Ndipo nikamweleza yote, na mama aliyekuwa anaingia na sufuria akasikia yote. Kwamba nimetumia jina lake. Kwamba watu arobaini wanadhani yeye bado yuko barabarani. Kwamba huyu kijana amekuja kufanya kazi kwenye gari lililouzwa. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, uso wa upande mmoja. Akamgeukia Kitale, wakaanza kuzungumza mambo ya laini, ya mafuta, ya jinsi makanga anavyosimama mlangoni bila kuanguka, na alizungumza hadi mate yakamtoka upande ule uliokufa, na Kitale akayapangusa kwa kitambaa bila kuacha kusikiliza. Mimi sikuwahi kumpangusa baba mbele ya mtu. Huwa namwonea aibu.

Yule kuku alipikwa usiku ule. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye boma. Hakuna anayeigusa, hata mgeni. Mama akaiweka kwenye sahani ya baba kama kawaida. Baba akaitazama, akaisukuma na kijiko hadi kwenye sahani yangu.

"Si kuku aliletewa dere?" akasema. "Kula basi. Na dere hamwachi abiria njiani. Utamlipia nauli ya kurudi."

Mdogo wangu alicheka. Mama hakucheka. Mimi niliila. Ilikuwa ngumu, na sikuthubutu kuacha hata kipande.

*

Kitale alikaa siku mbili. Baba alipigia simu watu wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wampe kijana hata kazi ya kuosha gari. Wengine walifurahi kusikia sauti yake. Hakuna aliyekuwa na nafasi. Nilikuwa na shilingi 2,000 kwenye M-Pesa nilizokuwa nikiweka za masomo ya udereva. Nikamkatia tiketi, nikampa zilizobaki. Alichukua bila kushukuru, na hivyo ndivyo ilivyostahili.

Jioni ile niliandika kwenye grupu. Nilisema mimi ni nani, nina umri gani, gari ni la nani na liliisha lini. Nikamtaja yule msichana wa honi, nikasema nilikuwepo na nikanyamaza. Watu kumi na mmoja waliondoka kabla ya asubuhi. Wengine walinitumia yale yale aliyotumiwa yeye. Mlinzi wa Qatar akaandika, "Kesho saa ngapi?" Tukaendesha, magari sita.

Sisemi kwamba mtu asijivike mwili mwingine mtandaoni. Nilipumua ndani ya mwili ule. Kuna mambo ya barabara ambayo nisingeyajua, na kuna sauti ya baba ambayo nisingeisikia tena, kama nisingejificha ndani ya gari lake. Ila matatu ina sheria moja ambayo hata Michuki hakuhitaji kuiandika: ukishabeba mtu, safari si yako peke yako. Niliwahesabu waliokuwa wakinitazama na kuniita mkubwa. Waliopanda sikuwahesabu.

Nimeongeza ule mkwaruzo nyuma ya mlango. Baba aliukagua mara tatu hadi ukakaa alipotaka. Jioni nyingine huomba simu, akaniambia niendeshe yeye akiwa abiria, na nikiguswa na haraka ya kupita lori husema, "Bado. Bado. Sasa."

Kitale ni makanga siku hizi, kwao, laini ya Kitale na Webuye. Alijitafutia mwenyewe. Mwaka jana alinitumia picha, ananing'inia mlangoni, ile jaketi ya kijani ikipepea. Chini yake aliandika, "Niaje dere."

Sijui kama ni heshima au ni kejeli. Sijamuuliza.